Mnana na Mstari Mwekundu

Zama zile wanyama walipoandika tovuti, walikuwa na chombo kimoja cha kuandikia msimbo, yaani maandishi ya kuziunda, mali ya wote, na yeyote alikuwa na ruhusa ya kukitengeneza. Ila hakuna aliyethubutu. Chombo kilikuwa kimezeeka, na kila neno jipya la lugha ya wavuti kisilolijua kililipigia mstari mwekundu. Kobe, mlinzi wake, akiuona hutamka, "Kosa hilo! Hakimu kasema."

Mnana, ndege mfumaji, alichoka kufuta maneno yaliyo sahihi. "Mzee Kobe, kosa si letu. Chombo ndicho kimepitwa na wakati."

"Wewe wa kuja juzi! Kiguse uone."

Akakigusa. Akafumua kanuni zake kama afumuavyo kiota kilicholegea, akazifuma upya. Kikagoma kuwaka, akafumua tena. Mwishowe kikawaka, na maneno mapya yakatulia, hayana doa.

Kobe akafungua kazi yake mwenyewe. Nyekundu tupu, juu mpaka chini, kwani maneno yake yalishaachwa zamani.

"Kimeharibika!" akapiga kelele.

"Ajabu," akasema Mnana. "Jana kilipotuhukumu sisi, ulikiita hakimu."