Karatasi Namba Kumi na Saba

“Nani aliyempa huyu chaki?”

Profesa aliuliza kwa sauti ya juu, makusudi, ili chumba kizima cha walimu kisikie. Karatasi namba kumi na saba alikuwa ameishika kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota soksi ya mwenzake.

Profesa hakuwa profesa, jamani. Wanafunzi walimbandika jina hilo kwa maringo yake, naye akalivaa kama suti. Alikuwa mkuu wa idara ya Kiingereza, basi.

Safari hii mtihani ulikuwa wa walimu wenyewe. Mkaguzi aliwapa walimu wa Kiingereza wa shule nne maswali ya sarufi wakayajibu nyumbani, kila mtu achapishe majibu yake kwenye kompyuta. Majina yalibaki kwenye bahasha ya mkaguzi, karatasi zikapewa namba, zikachanganywa, na kila mkuu wa idara akapata fungu lake la kusahihisha. Na atakayekuwa wa mwisho? Profesa ndiye aliyesimama kikaoni, kifua mbele, akasema afukuzwe kazi, wala asionewe huruma.

Kila mtu alijua anamlenga nani. Mwalimu mpya, yule binti mpole wa kwenye meza ya dirishani, alikuwa bado kwenye majaribio, na mshahara wake ndio uliomlisha mama yake. Kwa miezi sita alikuwa akimjazia Profesa mahudhurio, akimwandalia masomo, akimchemshia na chai. Kufundisha Profesa alikujua kidogo. Kufanyisha wenzake kazi ndiko alikohitimu. Na shukrani yake? Kumcheka matamshi mbele ya wanafunzi. Mtu mzima ovyo!

“Sikilizeni uozo huu,” Profesa akasema. “Kaambiwa atunge sentensi za kumfanya mtu atende jambo. Kaandika: ‘My boss makes me to do his work.’ Makes me to do! Hiyo ‘to’ kaitoa wapi? Hata mtoto anajua ‘make’ haiitaki!”

“Lakini si umemwelewa?” akauliza mwalimu wa hesabu, mzee aliyekuwa akimenya chungwa. “Anasema bosi wake humfanyisha kazi zake.”

“Kuelewa siyo sarufi, mzee. Kaa na hesabu zako.” Akaikata ile ‘to’ kwa wino mwekundu mpaka karatasi ikatoboka. “Na hii je? ‘He got me type it.’ Eti bosi alimfanya aichape! Hapa ‘to’ inatakiwa, hakuiweka! Pasipotakiwa kaimwaga kama chumvi!”

Wawili watatu wakacheka, wale wa kucheka kila mkuu akicheka. Mwalimu mpya aliendelea kusahihisha madaftari ya darasa lake.

“Mbona umeinama, binti? Aibu?”

“Hapana, mkuu. Nasahihisha tu.”

“Anza kufungasha.” Profesa akaandika mbili kwa ishirini, kwa madaha, na chini yake akaongeza: Huyu ni aibu kwa kazi yetu, aondoke leo. Akatia sahihi kubwa yenye mikia.

Saa nane mkaguzi aliingia. Alikuwa mama mmoja asiye na maneno mengi. Akaziweka karatasi zote mezani, akaichana bahasha ya majina.

“Aliyeongoza ni namba tisa, kumi na tisa kwa ishirini.” Akaitazama orodha, kisha akamgeukia mwalimu mpya. “Ni wewe, mwanangu. Hongera sana.”

Makofi yakalia. Mzee wa hesabu alipiga na meza. Profesa hakupiga kitu.

“Wa mwisho ni kumi na saba. Msahihishaji anataka aondoke leo, na mimi namuunga mkono.” Kidole cha mkaguzi kikateremka kwenye orodha, kikasimama. Akavua miwani. “Mwalimu, kumi na saba ni wewe.”

“Mimi?” Profesa akaruka kitini, kidole kimenyooka kuelekea dirishani. “Haiwezekani! Mimi karatasi yangu hata sikuigusa! Yangu kaiandika huyu binti!”