Posa ya Mshubiri

"Utauzamisha, mwanangu! Huo ni mshubiri, si samaki!" Mama Galal, jirani yao, alipiga kelele dirishani kwake, nusu ya mwili ikiwa nje kama kawaida yake.

Rawya aliinamisha ndoo juu ya debe la samli lililokaa kando ya mlango, akaumwagia mmea maji mpaka yakafurika na kuteremka ngazini. Kisha akalitazama jua la Qena, kusini mwa Misri, jua la Agosti lisilo na huruma, akalikokota debe kutoka kivulini hadi penye jua, palepale mlangoni.

"Unataka jua, masikini," alisema.

Mmea ule haukuwa pambo. Shauki, mtoto wa muuza vitambaa, aliuleta siku ya kuposa, maana kwa Bibi Bahiya mposaji haanzi na pete. Anaanza na mshubiri. Kwa Kiarabu chao mshubiri na subira ni neno moja, na bibi huyu, aliyemlea mjukuu wake Rawya tangu utotoni, alikuwa na sheria yake. Mmea ukae mlangoni mwaka mzima. Ukifika Shamu Nasimu, sikukuu ya majira ya kuchipua, ungali hai, kadhi anaitwa siku hiyohiyo. Ukifa, zawadi zinarudi zilikotoka na hakuna kununiana. Wakubwa wa pande zote walishapatana wao kwa wao. Lililobaki lilikuwa la mshubiri.

Na bibi hana maneno mawili. Shangazi yake Rawya alimkosa mume mwenye duka la dawa kwa sababu ya mbuzi mmoja mwenye njaa.

Ndiyo maana Rawya hakutaka mtu mwingine auguse. Kila asubuhi alitoka jikoni na kikombe, amekifunika kwa kiganja, akakimimina taratibu shinani. Bibi Bahiya, ambaye macho yalishafifia lakini pua ilikuwa nzima, akauliza mbona mlango unanuka achari.

"Majirani hao, Bibi," Rawya alisema.

Shauki alikuja kila Ijumaa baada ya swala. Kijana mrefu, mkimya, hajui mikono yake aiweke wapi. Alikunywa chai, akajibu "ndiyo, Hajja" na "inshallah, Hajja," huku Rawya akiyahesabu maua ya zulia. Lakini akishaaga, alichelewa mlangoni. Alichuchumaa kando ya debe, akaupapasa udongo na kunong'ona.

"Mwone!" Bibi alimfinya mjukuu wake. "Anausomea dua. Anayejali jani atashindwaje kumjali mke?"

"Kweli, Bibi," Rawya alisema, akageuza uso.

Joto lilipopungua, majani yakaanza kuwa ya manjano. Mama Galal aliutangazia mtaa mzima. Usiku ule Rawya hakupata usingizi, na alfajiri alikimbilia mlangoni miguu mitupu. Majani yalikuwa yamesimama wima, na pembeni kimechomoza kichipukizi kipya. Alisimama akikitazama mpaka chai ikafurika jikoni.

Baridi ya Januari, mwezi wanaouita Tuba, ilipouma, aliuogesha mmea maji ya moto ya birika. "Usije ukapata mafua," alieleza.

"Mapenzi gani haya?" Mama Galal alishangaa. "Mie hata baba Galal sijamwogesha maji ya moto!"

"Kutunza mimea hajui, mtoto huyu," Bibi Bahiya alikiri, "lakini hachoki. Hiyo ndiyo subira yenyewe."

Upepo wa jangwani uitwao khamsini ulipokuja na vumbi lake, Rawya aliufunika mshubiri kwa gunia zito, akalifunga kwa kamba na kukataza mtu asilifungue. Shauki peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuliinua pembe siku ya Ijumaa, kwa ajili ya dua zake.

Asubuhi ya Shamu Nasimu, nyumba ilijaa harufu ya samaki wa chumvi na vitunguu vibichi. Wazazi wa Shauki walifika wamevaa vya sikukuu. Bibi Bahiya akaongozwa mlangoni, akaifungua kamba kwa vidole vyake mwenyewe. Rawya alifumba macho.

Gunia likaanguka.

"Ya Rabi!" Mama Galal alipiga ukelele. "Umechanua!"

Bibi akanyoosha mkono, akalipapasa shina refu lililopinda chini ya gunia, na maua yake ya manjano. Vigelegele vikapasua ua. Rawya akaangua kilio cha kwikwi, mabega yakitikisika.

"Machozi ya furaha hayo," Bibi alisema, akipangusa ya kwake. "Mstahimilivu hula mbivu. Haya, kadhi aitwe!"

Wanawake wakakimbilia sharubati, wanaume wakamfuata kadhi, na wachumba wakaachwa peke yao kizingitini, debe katikati yao. Shauki alikuwa amepauka. Alitazama huku na huku, akachuchumaa, akaunusa udongo. Kisha akamnong'oneza Rawya maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia.

"Mimi natia chumvi kila Ijumaa tangu kiangazi, na wala haufi. Mwenzangu ulikuwa unatia nini?"

"Siki," Rawya akajibu, na kwa mara ya kwanza akamtazama vizuri usoni.