Karibu, Baba

Nitegulie, mjukuu wangu: nani hupiga hodi nyumbani kwake mwenyewe? Umeshindwa? Ni mume aliyepiga. Siku hizi sheria imeipa milango masikio, na mlango humfungulia mume huyo pale tu aliyewahi kupigwa naye anaposema "karibu." Sauti nyingine hausikii.

Shekue alisimama barazani kila jioni, mkate wa mofa mkononi. "Hodi, mama Mishi!"

Mkewe, Mwanakombo, aliendelea kukuna nazi. "Wewe hajawahi kukupiga?" alimuuliza bintiye. Mishi aliimba tu.

Jioni moja, harufu ya asumini imeilewesha nyumba nzima, Mishi akamhurumia. "Karibu, baba."

Mlango ukafunguka polepole, kama ua.

Nazi ikamponyoka Mwanakombo. "Mishi?"

"Aliniambia nisiseme, mama."