Kisima cha Ndaki

Mboje alimwonyesha mgeni shimo ambalo silo alilolitafuta, kisha akavua kofia kana kwamba wako kanisani.

"Ndiyo hapa," alisema. "Watu walikuja kwa miguu, hata kutoka Kiloleli, kuomba mvua."

Novatus, mtafiti kutoka Mwanza, alipiga picha. Alikuwa amesoma India. Huko, alieleza, kulikuwa na mji ambao Wabudha walikuwa wakienda kuhiji; ukafukiwa na udongo, ukasahaulika karne nyingi, hadi wataalamu walipoutafuta wakaupata. Sasa alikuwa akitafuta mahali pa hija palipopotea kwao.

"Na mtunzaji wa kisima? Nasikia aliitwa Ndaki."

"Alihama. Labda yuko Geita."

Mboje alitema mate. Jina hilo bado lilimchoma. Mwaka ule wa ukame Ndaki alimfukuza mbele ya mahujaji wote, yeye na kondoo wake mweusi wa sadaka, akisema kisima hakipokei kitu kutoka kwa mwizi wa ng'ombe. Watu walicheka. Mboje hakukisahau kicheko kile. Kisima chenyewe alikifukia kwa mawe, na serikali ilipowahamishia watu vijijini, eneo lote akalichukua yeye. Sasa kampuni binafsi zilikuwa zikigombea pamba, na kijijini Kimali kote hakuna aliyekuwa na shamba kama lake. Pamba ilichanua juu ya kisima. Kila alipoivuna, alijisikia amemlipiza Ndaki upya.

Na leo hata vitabuni mzee yule hatakuwa na mahali. Njiani kurudi, Mboje alipiga mluzi garini.

"Umenisaidia sana, baba," Novatus alisema, akiendesha taratibu. "Umeacha kazi zako kutwa nzima kwa ajili yangu."

"Shamba halikimbii, mwanangu."

Walipofika shambani kwa Mboje, pamba ilikuwa imekanyagwa na watu walikuwa wamejaa. Askari polisi wawili walisimama kando ya rundo la mawe. Chini aliketi mwanamke wa makamo, akililia kitu kilichofunikwa kwa kanga.

Mboje aliushika mlango wa gari, asiufungue. "Nani amewaonyesha hapa?"

Novatus alizima gari.

"Mama yangu, yule pale. Alizaliwa hapa hapa. Alitaka tu uwe mbali, ili tumtoe baba yake kisimani."