Ng'ombe Aliyepaa

Khairat alibonyeza kitufe, lakini ng'ombe wa kwenye skrini hakusogea.

"Kalala?" aliuliza bibi yake kutoka kitandani.

Tangu avunjike nyonga, Bibi hakutoka chumbani, na mwaka huu mchezo wa ng'ombe, ule wa wachezaji kumtegea ng'ombe kitambaa na kumkwepa, ungechezwa bila yeye kuutazama. Siku hizi alikuwa haongei sana, wala hacheki. Ndiyo maana Khairat, aliyekuwa akisomea kompyuta, akamtengenezea mchezo wake mwenyewe.

"Hajalala, Bibi. Nguvu niliyompa ni ndogo, haiwezi uzito wake."

Akafuta kumi, akaandika elfu kumi. Akabonyeza tena.

Ng'ombe aliinuka kwato zote nne. Akamruka mchezaji aliyemtegea kitambaa, akapita juu ya minazi, mkia umesimama wima, na akazidi kupaa. Khairat alikuwa ameiweka amri ya msukumo mahali pasipo pake, kwa hiyo badala ya kumsukuma mara moja, kompyuta ilikuwa ikimsukuma tena na tena bila kupumzika.

"Kenda wapi huyo?" Bibi alishika ukingo wa kitanda.

"Nimekosea, Bibi. Ngoja nirekebishe."

Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kufuta aliposikia kitu kama kikohozi. Akageuka. Bibi alikuwa akicheka, mabega yanamtikisika, machozi yanamchuruzika mashavuni.

"Usirekebishe kitu," alisema huku akihema. "Hebu mrushe na yule mwenye kitambaa."