Alama za Mwonjaji

Mektrida alisukutua mbege ya mgeni mdomoni, akafumba macho, kisha akaitema yote kwenye shina la mgomba.

Pamela aliinamisha uso. Alikuwa ametoka Dar es Salaam jana yake kwa basi, akalala kwao Bomang'ombe, na asubuhi shangazi yake akampa galoni ya hiyo pombe ya ndizi na ulezi, kwa kuwa mtu haendi mikono mitupu kuomba jambo zito kwa watu wa Kilema. Sasa jambo zito limetemwa.

"Msamehe mama, dada," Valerian alisema huku akicheka. "Ni mazoea ya kazi, alikuwa anapima kahawa kwa ulimi kule mnadani. Walishampunguza kazini, ila mdomo haujaambiwa."

"Ulezi haukukauka vizuri," Mektrida alisema kwa sauti iliyochoka, akarudi kumenya ndizi zake. Vidole gumba vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu.

Pamela alikuwa mhariri wa gazeti la vijana. Watu walilinunua kwa ajili ya ukurasa mmoja, ule wa gemu za televisheni, na katika ukurasa huo walianza na safu ya mtu aliyejiita Mwonjaji. Waandishi wengine walipewa gemu za bure na wenye maduka, wakazipa zote tisa kwa kumi. Mwonjaji alitoa nne. Alitoa tano. Sita kwake ilikuwa sherehe. Aliwahi kuandika kwamba gemu huchezwa mara tatu: ikiwa ya moto, ikiwa vuguvugu, na ikishapoa, na kwamba nyingi hazifiki salama hiyo mara ya tatu. Wasomaji walimtukana kwa barua, halafu wakanunua kile alichosema kinafaa.

Lakini gazeti lilikuwa linakufa. Mwenye gazeti alimpa Pamela neno moja: amlete Mwonjaji Dar aongoze kurasa zote za gemu, au kurasa hizo zifungwe na yeye atafute kazi kwingine. Bahasha za safu zilikuwa na jina moja la mtumaji, Valerian, na sanduku la posta la Moshi.

Na huyu hapa, kijana mwenye mabuti ya mvua na kisu cha kupogolea kahawa mkononi. Kupitia mlango uliokuwa wazi Pamela aliona televisheni ndogo, na mbele yake pedi ya gemu, vitufe vimeganda weusi wa utomvu. Alimwonea huruma. Anatoka shambani, hata mikono hanawi, anakaa kucheza.

"Ile gemu ya ngumi," alimwuliza, "mbona uliipa nne?"

Valerian alikuna kichwa, akamtupia jicho mama yake. "Si imeandikwa? Mwanzo mtamu, halafu inaacha uchungu nyuma ya ulimi."

"Kwa maneno kama hayo ndiyo nimekuja. Tunakutaka Dar. Nyumba, mshahara, gemu zote mpya kabla hazijafika dukani."

"Mimi siendi popote, dada. Mimi ni kitinda mimba."

Alilisema kama mtu anayetaja jina la baba yake. Kaka zake walishapewa mashamba kule chini, Chekereni. Kihamba hiki, shamba la ukoo lenye kaburi la baba na migomba ya babu, ni cha wa mwisho, na wa mwisho hukaa nacho.

Pamela alijua. Mdogo wake mwenyewe alikuwa bado yuko nyumbani, amefungwa na migomba kama mbuzi na kamba. Ndiyo maana ilibebwa mbege. Akamgeukia mama, akapiga magoti kwenye majani makavu.

"Mama, sikuja kuvunja mila. Niazimeni Mwonjaji mwaka mmoja tu. Nitamtunza. Krismasi nitamleta mwenyewe, kama watu wote wanavyorudi."

Mektrida aliacha kumenya. Alimtazama Pamela kama mtu aliyeulizwa swali alilokwisha kukata tamaa ya kuulizwa.

"Hao waandishi wako," alisema, "gemu moja wanaicheza mara ngapi?"

"Mara moja, mama. Wengine wanasoma tu maganda."

Mektrida aliguna. "Na umeme? Hapa unakatika hovyo."

"Ofisini kuna jenereta."

"Na alama zikiwaudhi wenye maduka?"

"Hazitaguswa. Naapa."

"Na wale wa kahawa waliapa hivyo hivyo," Mektrida alisema. Akapangusa kisu kwenye kanga. "Valerian, unasemaje?"

"Sina neno, mama. Ila ndizi atamenya nani?"

"Oa."

Valerian alicheka peke yake. Mektrida aliinuka polepole, mkono kiunoni, akaingia ndani. Pamela akasikia kabati likifunguliwa, na nguo zikikung'utwa. Alishusha pumzi. Magoti yalimuuma, mgongo ulimuuma, lakini kurasa zilikuwa zimepona. Mama anamfungashia mwanawe. Kijana naye hakuonyesha furaha wala huzuni. Alikuwa amesharudi kwenye mibuni na kisu chake.

"Hutajiandaa?" Pamela alimwita.

"Kwa ajili ya nini, dada?" Valerian alijibu bila kugeuka. "Mimi napeleka bahasha posta tu."

Mektrida alitoka amevaa sweta na viatu vya kanisani, begi begani, na ile pedi ya gemu ameiviringisha kwenye kitambaa safi.

"Mwambie shangazi yako mbege yake ni tano," alisema. "Kihamba kina mwenyewe. Basi la Dar linaondoka saa ngapi?"