Kufuli Lisilofunguka

Kidole cha Dorsaf kilikuwa juu ya kitufe. Akibonyeza tu, kumbukumbu ya chipu inayoongoza hita ya gesi ya kuchemshia maji inafungwa moja kwa moja, na hakuna fundi duniani atakayeweza kuibadilisha tena.

"Bonyeza, binti," bosi alisema. "Dereva wa lori la kupeleka mzigo Sfax ameshatutukana vya kutosha kwa kumchelewesha."

Hapo ndipo alipoiona sifuri kwenye skrini, mahali palipotakiwa moja. Jana, ili hita isizimikezimike wakati wa majaribio, alikizima kitambuzi cha moshi, kile kinachoizima hita hewa yenye sumu ikianza kujaa chumbani. Hakukiwasha tena.

Akauondoa mkono taratibu, kana kwamba kitufe kimelala na hataki kukiamsha.

"Ile hita ya kwanza, tuliyoipiga kufuli asubuhi, iko wapi?"

Bosi akatabasamu. "Nilitaka nikushangaze. Nimempelekea mama yako, maskini, anavyohangaika na ndoo. Fundi ameshaiweka bafuni."

Dorsaf akanyakua simu. Akapiga namba ya nyumbani.

Mama alipokea. Nyuma yake maji yalikuwa yakimiminika.

"Dorsaf mwanangu, raha gani hii. Hata dirisha nimelifunga, joto lisitoke. Ila kichwa tu ndiyo kinanigonga kidogo."